Kila Chakula na Zamu Yake: Kufunga Vyakula Vinavyoharibika kwa Safari ya Miguu Kuzunguka Kisiwa cha Lamu

Jodari ndiye aliyenifundisha. Tulikuwa saba, mimi na watoto wa dada zangu, tumetoka Shela alfajiri tukifuata ufuo kwenda Kipungani. Samaki nilimkaanga mwenyewe usiku, akakauka vizuri, nyumba nzima ikanukia ndimu na pilipili manga. Saa nne asubuhi tukakaa, tukala kwa mahamri. Haikupita hata nusu saa, mpwa wangu wa kwanza uso ukamwiva, midomo ikamwasha, kichwa kikamgonga. Akafuata wa pili. Tulidhani ni jua.

Halikuwa jua. Jodari yule nilimnunua alasiri ya jana yake akiwa ameshinda juani bila barafu, nami nikajiambia moto utamaliza kila kitu. Moto haumalizi. Jodari, nguru, vibua na jamaa zao wakikosa baridi tangu kuvuliwa, bakteria hugeuza kitu kilichomo ndani ya nyama yao kuwa histamini, na ikishaingia humo haitolewi kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Watoto walipata nafuu kabla ya magharibi, alhamdulillahi, lakini mimi sikulala usiku ule.

Tangu hapo nafunga chakula kwa sheria moja: kila chakula kina zamu yake ya kuliwa, na anayeipanga zamu ni chakula chenyewe. Hamu yangu haina sauti hapo. Haya nayaandika kwa safari ya siku tatu: siku ya kwanza Shela hadi Kipungani kwa ufuo, kama kilomita 12, siku ya pili Kipungani hadi Matondoni, siku ya tatu kurudi mjini. Ukishazipita nyumba za mwisho za Shela, hupati duka, hupati kisima, hupati kivuli ila cha kofia yako, mpaka ukaribie Kizingoni, mwishoni mwa ufuo. Ulichobeba ndicho ulicho nacho.

Anza na maji ya bahari, ndipo uende jikoni

Jambo hili wengi hulisahau. Angalia kwanza maji yanajaa saa ngapi. Yakipwa, mchanga unakuwa mgumu na mguu unakwenda. Yakijaa unasukumwa kwenye mchanga laini chini ya matuta, na mwendo unakuwa mara mbili ya taabu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndiyo hasa usijaribu kushindana nayo. Saa mbili zaidi juani ni saa mbili zaidi ndani ya mkoba wako pia. Nyama iliyogandishwa ambayo ingefika salama inafika imeyeyuka. Kumbuka kuwa maji husogea mbele kama dakika 50 kila siku, basi hesabu ya Jumatatu usiitumie Alhamisi.

Halafu chukua karatasi, andika milo yote. Kwa siku tatu mimi hupata milo minane, nikihesabu kuwa mlo wa mwisho tutakula nyumbani. Mbele ya kila mlo andika chakula, ukianza na kile kinachokufa mapema. Kama nyanya zimeangukia siku ya tatu na papa mkavu ameangukia siku ya kwanza, umepindua mambo, vibadilishe.

Kwa nini vinaharibika haraka kwetu

Bakteria wa chakula hustawi baina ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Chini ya hapo wanasinzia, juu ya hapo wanakufa. Sasa fikiria Lamu wakati wa kaskazi, mchana nyuzi 30 na zaidi, na hewa yenyewe ina maji: chakula chako kimo katikati kabisa ya raha yao. Ndiyo maana wataalamu wa afya wanasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, saa moja tu. Saa moja ni fupi mno. Kutoka Shela hata nusu ya ufuo hujafika.

Kwa hivyo una njia tatu tu: ukipe baridi ya kweli, ukiondolee maji, au ukibebe kikiwa hakijafunguliwa wala kupikwa. Kila chakula katika mkoba wangu kimepita moja ya milango hiyo. Kisichopita kinabaki nyumbani, hata kama ni kitumbua.

Nami navipenda vitumbua. Lakini vina tui ndani, na tui ni la kwanza kuchacha. Hali kadhalika wali wa nazi, mbaazi za nazi, mkate wa sinia: vyote hivyo ni vya kula nyumbani siku ya kuondoka, na uvile vya kutosha.

Usiku mbili kabla: barafu

Jaza chupa za lita moja na nusu maji safi ya kunywa, acha nafasi ya vidole vitatu juu kwa sababu maji yakiganda yanatanuka, kisha weka kwenye friza. Usichukue barafu iliyovunjwavunjwa. Donge moja kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo vya uzito uleule, na likiyeyuka ndani ya chupa halilowanishi kitu, tena unalinywa. Barafu ina nguvu kuliko tunavyoidhania: kuyeyusha kilo moja ya barafu kunakula joto karibu sawa na la kupasha kilo hiyohiyo ya maji kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Ndiyo maana chupa ambayo bado ina donge katikati inalinda mkoba, na ile iliyobaki maji baridi tu imeshaachia lindo.

Nyama au samaki wa jioni ya kwanza naye agande usiku mbili, mpaka awe jiwe. Mkatekate vipande vya mlo mmoja, mtie chumvi, ndimu na tangawizi, mfunge kwenye mkebe wenye mfuniko wa kukaza. Usimtie tui wala mtindi.

Kuna wanaosema kitambaa kilicholowa maji kinatosha kama mtungi. Bara ambako hewa ni kavu, ni kweli, kwa sababu maji yanapokauka yanachukua joto. Kwetu pwani hewa imeshashiba unyevu, kitambaa hakikauki haraka, na baridi yake ni ndogo. Kitumie kwa nyanya na chupa ya maji. Samaki usimkabidhi kitambaa.

Kuchagua samaki

Nenda bandarini mapema, mashua zinapoingia, na ununue kwa anayeweka barafu. Jicho liwe limejaa na linang'aa, matamvua yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Harufu iwe ya bahari. Kwa safari mimi sichukui tena jodari wala nguru mbichi. Nachukua changu au tafi, nawatoa matumbo na matamvua palepale, nawaosha, nawarudisha kwenye barafu mpaka nyumbani.

Samaki wa kukaanga kwa ajili ya asubuhi ya safari: mkaange kavu, mpoze, mgandishe usiku huohuo, kisha mfunge ubavuni mwa chupa ya barafu ya peke yake na umle kabla ya saa nne asubuhi. Akibaki, usimweke kwa baadaye.

Jasho la mfuniko

Hapa naomba utulie nami kidogo, maana hapa ndipo mahamri mengi yanapofia.

Mahamri yakitoka karaini yana mvuke ndani. Ukiyatia kwenye ndoo yakiwa na joto na ukafunika, mvuke unapanda, unagonga mfuniko, unageuka matone, matone yanarudi chini. Ukifunua asubuhi utauona mfuniko umetoka jasho na mahamri ya juu yamelainika kama yamelia. Kesho yake yana madoa ya kuvu. Hamri limekaa nje siku moja tu, unajiuliza kosa ni hamira au mafuta. Kosa ni jasho.

Yatandaze kwenye ungo, yasipandane, uyafunike kitambaa chepesi cha pamba kwa ajili ya nzi. Yaache mpaka ukiweka kiganja chini ya ungo usisikie joto lolote. Kwangu huchukua saa mbili, na usiku wa masika zaidi. Kisha tandika kitambaa kikavu ndani ya mkebe, panga, funika. Na unapokanda unga wa safari, kanda kwa maji na maziwa ya unga badala ya tui. Iliki haipotezi kitu. Mahamri hayo huliwa siku ya kwanza na asubuhi ya pili. Chapati zilizopakwa samli na kukaushwa vizuri huenda mpaka mchana wa siku ya pili.

Kwa siku ya tatu kuna mkate wa mofa, ule wa mtama. Ni mkavu, ni mgumu, na ugumu wake ndio uhai wake: hauna maji ya kumlisha kuvu. Unauchovya kwenye chai ya tangawizi au mchuzi nao unarudi kuwa mkate.

Vinavyobebwa vikiwa vizima

Nazi ndicho chombo bora nilichowahi kukiona. Nazi nzima, kavu, inayolia maji ukiitikisa, haiharibiki mpaka uivunje. Chukua moja kwa kila mchuzi na kikuna nazi cha mkono. Mbuzi wa kukunia mwache nyumbani, ni mzito. Tui lichujwe wakati sufuria iko motoni, likapikwe na likaliwe.

Mayai chukua mabichi, yasiyooshwa. Ganda la yai lina utando unaoziba vitundu vyake, na ukiliosha unauondoa. Kulichemsha pia kunauharibu, ndiyo maana yai la kuchemsha huharibika kabla ya bichi, ingawa watu wengi hudhani kinyume. Yazike ndani ya mchele kwenye mkebe, moja moja, yasigusane. Mchele unayashika yasivunjike, na mchele wenyewe ulikuwa unaubeba. Kabla ya kupika, yaweke kwenye maji: linaloelea litupe.

Embe chukua zilizokomaa ambazo bado hazijaiva, zitaiva mkobani. Nyanya ziwe zinaanza tu kugeuka rangi, ngumu, kavu, kila moja imefungwa karatasi, zikae juu kabisa. Kabichi nzima huvumilia siku tatu. Mchicha hauvumilii hata moja. Vitunguu, viazi, saumu, ndimu: tia tu, ila vitunguu na viazi visikae pamoja kwenye mfuko uliofungwa.

Vilivyoondolewa maji

Ng'onda na papa mkavu ni hekima ya wazee wetu wa majini, na sijui kwa nini vijana wanaona haya kuwabeba. Chumvi imetoa maji, jua limemalizia. Angalia asiwe na unyevu kwenye mikunjo wala doa jekundu au la kijani. Mfunge karatasi kisha kitambaa, mbali na mkate, maana harufu yake haina mipaka.

Nyama ya kukaa bila baridi ni nyirinyiri. Jirani zetu Wasomali wanaijua kuliko sisi: nyama inakatwa nyembamba, inatiwa chumvi, inaanikwa mpaka ikauke, inakatwa vipande vidogo, inakaangwa mpaka maji yote yaishe, kisha inafunikwa kwa mafuta yake au samli. Kama ni masika na nguo zako hazikauki kambani, usijaribu kuianika mwenyewe. Inunue kwa anayeijua.

Samli nayo chukua badala ya siagi, kwa kuwa imeshatolewa maji na maziwa. Tende, halua, achari ya ndimu, dengu: havina zamu, vinaliwa wakati wowote, na halua baada ya kilomita nane za mchanga ni neema.

Kufunga mkoba

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa, fukwe zikiwemo. Sioni hasara. Plastiki ilikuwa inatoa jasho kuliko mfuniko wowote. Nina mikebe minne, vitambaa vya pamba, kikapu cha ukindu, na majani ya mgomba. Jani ulipitishe juu ya makaa upande mmoja, kisha wa pili, mpaka utaona kijani kinakolea na kung'aa, na jani linakuwa laini kama ngozi. Hapo linakunjika bila kupasuka. Samaki wa asubuhi naye hufungwa humo.

Katikati ya mkoba, chupa mbili za barafu, na baina yake mkebe wa nyama iliyoganda. Zifunge pamoja kwa kanga mbili na shuka la kulalia, kila upande. Zisiegemee mgongo wako, mgongo ni moto, wala zisiwe upande wa nje unaopigwa na jua. Chini ya hapo mchele na mayai, viazi, nazi. Juu ya hapo mikate, na juu kabisa nyanya na chakula cha zamu ya kwanza, ili usichokore mkoba wote kutafuta kifungua kinywa. Fungu la barafu halifunguliwi mpaka jioni, hata kwa maji ya baridi. Beba maji mengine ya kunywa. Mimi huhesabu lita nne kwa mtu kwa siku, kupika kukiwemo, kwa kuwa visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi.

Jioni ya kwanza

Mkifika Kipungani, kabla ya kuoga, kabla ya kusimulia, fungua fungu la barafu. Gusa nyama. Ikiwa bado ina kiini kilichoganda, au ina baridi ya kuumiza vidole, ipike mara moja, yote. Ikiwa imekuwa vuguvugu, ifukie mbali na makazi ya watu. Najua ilikuwa na bei. Usionje ili kupima. Kinachoumiza mara nyingi hakina ladha. Usiku huo mtapika ng'onda: mwoshe, mwoteshe juu ya makaa, mchambue, mtie kwenye tui na nyanya na pilipili, na hakuna atakayeulizia nyama.

Pima mchele kwa idadi ya watu, kama gramu 100 kwa kila mmoja, usizidishe. Wali uliolala usiku kwenye sufuria ni hatari kuliko unavyoonekana: mbegu za bakteria wake huvumilia kuchemshwa, zinaamka wali ukipoa, na sumu yake haiondoki ukiukaanga asubuhi. Kikizidi, kigawe kingali moto kwa wenyeji waliowapokea.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chochote. Vyombo vinaweza kuoshwa kwa maji ya bahari, lakini visuuzwe kwa maji ya kunywa. Chakula kininginizwe kwenye kamba, kwa kuwa paka na punda wa kisiwa hiki wanajua kufungua vitu. Kwa sisimizi, weka mkebe wa sukari katikati ya sufuria yenye maji kidogo.

Siku ya pili na ya tatu

Hapa kazi imeshakwisha. Asubuhi ya pili ni mayai na mahamri yaliyobaki. Mchana kabichi, nyanya na chapati. Jioni Matondoni ni nazi, nyirinyiri na viazi. Siku ya tatu ni mofa, chai, embe iliyoiva njiani. Kila jioni kagua: nyanya iliyolainika itoke ipikwe, isiwaambukize wenzake, mkate wenye kuvu utupwe mzima, kwa sababu kuvu unayoiona juu ina mizizi ndani.

Na beba mfuko mdogo wenye sukari, chumvi na kijiko cha chai. Mtu akiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo kila mara. Akiwa na homa kali, damu chooni, au hashiki hata maji, safari imekwisha: tafuta boti, mrudi mjini hospitali siku hiyohiyo.

Mkirudi, toa kila kitu mkobani kabla hujalala. Mikebe ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, isuguliwe kwa maganda ya ndimu, hasa ule wa samaki, kisha ianikwe juani mdomo wazi. Ikikauka, ihifadhi bila mifuniko, na mdomoni funga kitambaa.